Kaburi la mama limekuwa jeusi na fundi anataka kupiga asidi: jibu langu

Mkuu pole sana kwa mama. Nimesoma ulivyoeleza, kaburi liko kihambani, shamba la ukoo huko Marangu, jiwe la marumaru nyeupe limeshika weusi na ukijani, misa ya kumbukumbu ni Novemba na fundi kakwambia atakuja na asidi ya kuoshea vyoo na brashi ya waya, asubuhi moja kamaliza. Naomba umsimamishe huyo fundi kwanza. Mimi kazi yangu ni terazo na makaburi hapa Moshi, na kila ikikaribia tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, simu ni nyingi mno, na nyingi ni za kurekebisha kaburi ambalo mwaka uliopita lilisafishwa kwa haraka likaharibika.

Marumaru asili yake ni mawe ya chokaa na chokaa inaliwa na asidi. Kama unabisha kamulia tone moja la ndimu upande wa nyuma chini kabisa pasipoonekana, vile vipovu utakavyoviona ni jiwe lenyewe linayeyuka, uchafu wala haujaguswa. Siku ya kwanza linatoka jeupe kweli kweli, familia inafurahi na fundi analipwa, ila ile polishi ya juu ndo imeshaondoka, ukilipapasa linakwaruza kama sukari, basi masika ikipita weusi unarudi haraka kuliko mwanzo tena umezama ndani, na kingo za herufi zinaanza kulika mpaka jina la mzazi wako unalisoma kwa kubahatisha. Hapo hakuna fundi wa kukurudishia, labda ulichonge upya.

Brashi ya waya na stilwaya usiruhusu kabisa, zinaacha chembe za chuma kwenye vitundu vya jiwe, zinapata kutu, unabaki na madoa ya kahawia. Jiki nayo inadanganya watu wengi kwa sababu inang'arisha pale pale, lakini inaacha chumvi ndani, chumvi ikikauka inavimba na kubandua jiwe taratibu. Mashine ya presha ya kuoshea magari, hapana.

Sasa nini cha kufanya. Lowesha jiwe lote kwa maji safi mengi, liloe haswa, uache ule ukoga na zile kuvu kavu kavu zinyonye maji zilainike, hii sehemu ndo watu hawana uvumilivu nayo ila ndo kazi yenyewe. Ikilainika unaikwangua kwa kijiti cha mti au kipande cha plastiki, chuma hapana, halafu brashi laini ya nailoni, unaanzia chini kwenda juu huku unasuuza muda wote, maana ukianzia juu maji machafu yanatiririka kwenye jiwe kavu yanachora michirizi. Ndani ya herufi tumia mswaki laini. Ukihitaji sabuni tumia kidogo sana ya maji isiyo kali, omo na unga wa kusugulia masufuria weka mbali. Kwa ule weusi unaong'ang'ania wenzetu Marekani kwenye makaburi ya wanajeshi wanatumia dawa inaitwa D/2, unapuliza, unasugua kidogo, halafu mvua na jua vinamalizia kwa wiki kadhaa hadi miezi, jiwe linaendelea kung'aa lenyewe. Kwa hiyo usitegemee liwe jeupe pee siku hiyo hiyo, anza sasa hivi usisubiri Oktoba.

Kwa huko kwetu kuna mambo mawili zaidi. Moja ni utomvu wa migomba, ukidondokea marumaru unaacha doa la kahawia ambalo maji hayalitoi. Mimi hapo nachukua haidrojeni paroksaidi ya duka la dawa, nachanganya na kaolini, ule udongo mweupe kama wa Pugu, mpaka iwe uji mzito, nabandika juu ya doa, nafunika na nailoni mpaka kesho yake, kisha nafunua iachwe ikauke yenyewe, inavuta doa kutoka ndani. Jaribu kwanza pembeni, vaa glavu. Na huo mgomba ulioinamia kaburi ukatwe, mkiuacha mtasafisha kila mwaka. La pili ni udongo wetu mwekundu, mvua inaurushia chini ya jiwe na ule wekundu una chuma ndani yake, ukishaingia kuutoa ni kazi kubwa, dawa yake ni kumwaga kokoto kuzunguka kaburi ili matone yasirushe tope.

Msalaba wa zege uliosema umepasuka usiupake saruji juu juu. Ndani kuna nondo imeshika kutu, kutu inavimba ndo inapasua, kwa hiyo gonga sehemu iliyolegea itoke yote, safisha nondo (hapa kwenye nondo tu brashi ya waya inaruhusiwa), paka rangi ya kuzuia kutu, ndo uzibe.

Herufi zilizofifia zipakwe mwishoni jiwe likiwa kavu kabisa, rangi nzito kwa brashi ndogo, na fundi asiiongezee thina kwenye marumaru, thina inabeba rangi inaingia kwenye jiwe unabaki na kivuli kuzunguka kila herufi.

Ila mkuu hakikisha kwanza kama kweli ni marumaru, mafundi wengi huko huita terazo nyeupe marumaru. Terazo utaona vijiwe vidogo vidogo vilivyoshikwa na saruji, nayo haitaki asidi ila ikichakaa inaweza kupigwa mashine na kurudishiwa polishi. Piga picha ya karibu ya kona iliyovunjika uiweke hapa tuangalie.