Kabla hujampa fundi jina la askari wenu

Kuna dada wa Chake kaniandikia juzi, babu yake alikufa Vita vya Pili na anataka jina lichongwe kwenye kaburi la familia, kauliza aanzie wapi. Dada, hili mie limenitoa machozi na jiwe zima limekwenda bure, kwa hiyo nisikilize.

Kwetu ni babu Khamis, kaka yake bibi. Aliingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo), hakurudi. Mama yake alibaki na kanzu yake kwenye kasha, kila kaskazi anaitoa anaianika uani, jua likishuka anaikunja anairudisha, mpaka naye akafa, kazikwa pale kijijini karibu na Wete. Mwaka jana nikasema basi, mtoto aandikwe alipolala mama. Wazee wote wakaniambia kafa 1945, nikampa fundi wa mjini hela, likachongwa, nikapanda nalo boti mpaka Pemba nimelipakata.

Ndo binamu yangu ananiambia mbona hukutazama rekodi za Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, zipo mtandaoni na ni bure. Nikatafuta Khamis, Hamis, Hamisi, hayupo. Nikaja kumpata kwa namba ya askari iliyokuwa kwenye karatasi ndani ya kasha lile lile, karani kamwandika "Amisi". Kafa Novemba 1944, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iko kwenye matope ya bonde la Kabaw, inashuka kuelekea Kalewa na mto Chindwin. 1945 ni mwaka habari ilipofika nyumbani. Nililia wallahi.

Kwa hiyo karatasi kwanza, fundi baadaye. Tafuta namba, jina lijaribu kila namna, mwaka wa wazee usiuchonge mpaka uuhakikishe.

Jina la babu limo kwenye mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon huko huko Burma, pamoja na ya wenziwe kama 27,000 wasiojulikana walipozikwa. Maneno ya kumbukumbu pale yameandikwa kwa lugha tano, Kiswahili hakimo. Linaniuma mpaka leo. Jamani tusingoje watu wa mbali watukumbukie watu wetu, kaeni na wazee sasa hivi, fungueni hayo makasha!

Na sheikh wenu muulizeni mapema, maana wapo wanaoona kuandika kaburini ni karaha. Wetu alikubali jina na mwaka tu, bila aya, na jiwe liwe fupi. Halafu ieleweke kuwa hakuzikwa hapo. Sisi kwenye jiwe jipya tuliandika: "Na mwanawe Khamis, askari wa Keya, kafia Burma 1944. Muombeeni." Tukasoma hitima, shangazi akainama akanyunyiza marashi juu ya zile herufi.

Lile la 1945 lipo kwa mjomba, limeegemezwa nyuma ya mlango. Hakuna anayethubutu kulivunja, lina jina lake.