Vigae vya jikoni vimefifia: usibomoe kwanza
Dada yangu wa Njiro, kabla hujaita fundi abomoe vigae vya nyuma ya jiko, tazama mistari iliyo kati ya kigae na kigae. Mara nyingi ndiyo inayochosha macho, imenyonya mafuta na moshi mpaka ikawa nyeusi. Isugue kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Siki iache, inakula saruji ya mistari hiyo. Mistari ikigoma kutakata, fundi aikwangue ajaze grauti mpya, yaani saruji laini ya kujaza kati ya vigae. Mimi napenda ya kijivu, haionyeshi uchafu haraka. Ukitaka kupaka vigae rangi, piga msasa na uanze na praima ya vigae, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, la sivyo rangi itabanduka. Halafu weka taa chini ya makabati. Jikoni kwangu hiyo ndiyo iliyobadilisha ukuta kuliko vyote.