Jini wa Wete na hiyo "hatua ya kwanta"

Msomaji wa Wete, kule Pemba, kaniuliza: "Asalaam alaykum maalim. Mie naandika hadithi za majini, natuma kwenye grupu kila Alkhamisi usiku. Siku hizi nasomasoma fizikia ya kwanta, inanipa mawazo kweli. Niandike kwanta au kwantamu? Na nikisema 'jini akapiga hatua ya kwanta, mara yuko Mkoani' ntakuwa nimekosea?"

Waalaykum salaam. La kwanza jepesi. Ni Kilatini, quantum, maana yake "kiasi gani", wingi wake quanta, likashika kwenye fizikia baada ya Max Planck 1900 kuona nishati inatoka vifungu vifungu, haimiminiki kama maji ya mfereji. Mie nasema kwanta, kwanta moja, kwanta mbili. Kwantamu inanibana mdomo. Basi.

Hilo la pili ndo nilikuwa nalisubiri siku nyingi, yakhe, maana hii "hatua ya kwanta" imenikaa kooni kama mwiba wa changu. Juzi tumekaa barazani mtu anatusomea kwenye simu, timu ya mtaani "imepiga hatua ya kwanta". Nkadhani wamepanda daraja. Kumbe wamenunua jezi! Kila mtu siku hizi akitaka kusema kitu kimekuwa kikubwa mno anasema kwanta, na kwanta yenyewe ni katika vitu vidogo kabisa alivoumba Mungu. Atomi za haidrojeni ukizipanga mstari mmoja milioni 10 zinafika kama milimita moja tu, na huo mruko wanaousifia, yaani hiyo hatua yenyewe, ni wa elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomi, nao ni humo humo ndani ya atomi moja. Kwa hivo wale wa jezi, ukitazama sana, wamesema kweli bila ya kujua.

Sasa tuje kwa jini wako. Mwanafizikia Niels Bohr 1913 alisema elektroni ina ngazi zake, iko ya kwanza, iko ya pili, na katikati hapana pa kukaa. Ikipata nishati kamili inapanda, ikipungukiwa hata chembe haiendi, konda hakupandishi kwa nauli nusu. Hebu chukua gari ya kutoka Wete kwenda Mkoani. Lazima ipite Chake. Pale watu washuke, mwengine apandishe gunia la muhogo, konda agombane na bibi wa watu kwa ajili ya chenji, dereva apige honi hakuna anomsikiliza. Jini wako yeye yuko Wete, kisha yuko Mkoani, Chake hakuna aliemuona, si kwa kuwa kapita mbio, ni kwa kuwa hakupita. Hapo ndo kwanta, na urefu wa safari hauhusiki, angetoka chumbani akatokea ukumbini bila ya kupita mlangoni ingekuwa kwanta vilevile. Lakini ukiandika "hatua ya kwanta" ukakusudia karuka mbali sana, mwanangu umekosea, sema karuka mbali, Kiswahili hakijaishiwa maneno.

Na ukitaka apenye ukuta, mpenyeze tu, una hoja. Chembe hupenya vizuizi ambavyo kwa nguvu zake hazikustahiki kuvivuka, na lau si hivo jua lisingewaka namna hii. Hata hizo dunia pacha mnazozipenda waandishi, ambapo wewe mmoja umeoa na mwengine bado anahangaika na mahari, ziko kwenye fikra aliyoitoa mwanafizikia Hugh Everett 1957. Wenzake wengi hawakuitaka. Grupu lako wataitaka.

Ila nisikufiche, ijapokuwa inaniharibia mfano wangu. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale waliichungulia atomi moja ya kutengenezwa, yaani saketi ya umeme inayofanya kama atomi, wakati inaruka, wakaona haipotei ghafla vile tulivyodhani, ina njia yake inaifata, kwa muda mdogo mno lakini ipo, na wakaweza hata kuirudisha ikiwa katikati. Kwa hiyo jini wako Chake kumbe anapita. Muandikie basi, amkute yule bibi na konda bado wanagombania chenji.