Kabla ya Miwani, Rudi Kwenye Picha: Kwa Mnaoanza Kupanga Upasuaji wa Anurizimu

Wadogo zangu mnaoingia idara ya upasuaji wa ubongo, najua miwani ya uhalisia pepe itawavutia mapema, na inastahili. Ukiivaa unaingia ndani ya fuvu la mgonjwa wako, unazunguka hadi nyuma ya anurizimu, yaani uvimbe wa ukuta wa ateri uliotuna kama puto, na kuona shingo yake inapotokea kwenye ateri. Programu kama 3D Slicer, inayogeuza picha za hospitali kuwa modeli ya pande tatu, hupatikana bure, kwa hiyo unaweza kuanza mazoezi hata hospitali yako ikiwa haina fedha nyingi. Lakini jueni kwanza ile picha imetengenezwaje.

Huanzia kwenye CT (picha za eksirei za kompyuta) ya mishipa ya damu, vipande vyembamba vya kama milimita moja au pungufu. Kuna mtu ameamua mwangaza wa kiwango gani uhesabiwe kuwa mshipa. Akikipandisha mno, mishipa midogo inafutika. Akikishusha mno, anurizimu inanenepa na kuonekana imegandana na mshipa wa jirani ambao kwa kweli haiugusi. Mfupa, chokaa kwenye ukuta wa ateri na dawa ya kuangaza mishipa vyote hung'aa, na karibu na kitako cha fuvu huchanganyika kirahisi. Kaeni na aliyeunda modeli, fungueni vipande vya asili, mfuate ateri kipande baada ya kipande.

Chukueni anurizimu ya ateri unganishi ya mbele, ile inayounganisha ateri za mbele za ubongo za kulia na kushoto. Hapo ndipo naithamini miwani kuliko popote. Ingia kutoka kulia, kisha kushoto. Tazama A1 (sehemu ya ateri ya mbele ya ubongo kabla ya kiungo hicho) ya upande gani ni nene, A2 (sehemu za baada yake) zimelalaje, na tumbo la anurizimu limeelekea wapi. Likielekea chini na mbele, huenda limeshikamana na makutano ya neva za macho, na ukiinua sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kulipasua hata shingo hujaiona. Likielekea nyuma, liko kwenye njia ya matawi membamba, mengine hayafiki nusu milimita. Hayo modeli haiyaonyeshi. Ukiyabana na klipu, kile kibanio kidogo cha kufunga shingo ya anurizimu, mgonjwa anaweza kuamka amepoteza kumbukumbu au amebadilika tabia kiasi cha kuwashangaza nduguze. Kwa hiyo nyuma ya shingo pakionekana peupe, wewe hesabu kwamba pana matawi.

Tena mishipa ya modeli haivuji damu, wala ubongo wake hausogei maji ya ubongo yanapotolewa. Klipu iliyokaa vizuri kwenye miwani inaweza kuteleza ikikutana na ukuta wenye chokaa. Panga na klipu ya akiba, na uamue mapema ile ya muda, ya kusimamisha damu kwa kitambo, utaiweka wapi.

Na muuguzi wa theta msimwache nje. Mwiteni jioni ya kabla ya upasuaji, avae miwani, aone pembe mtakayoingilia, ili asubuhi klipu iliyopinda na iliyonyooka zote ziwe mezani kwake.