Maswali ya Wasomaji: Madigadi Iliyojaa Mikwaruzo

SWALI: Honda XL yangu naipitisha kwenye njia za mawe na vichaka vya Misungwi. Madigadi zote zimejaa mikwaruzo, na ya mbele imeweka mstari mweupe ilipojikunja nilipoanguka. Fundi anasema nipulize rangi tu. Nifanyeje?
Msomaji, Buhongwa, Mwanza

JIBU: Rangi iache kwanza. Fungua madigadi utazame upande wa ndani. Ukikuta herufi PP, hiyo ni polipropilini: rangi yake imo ndani kwa ndani, na rangi ya kawaida ya kupuliza haiishiki, itabanduka vipande vipande kokoto zikianza kuipiga. Ikiwa ni ABS, plastiki ya aina nyingine, rangi hushika, ila usiifute kwa thina, huiyeyusha.

Mkwaruzo wa PP huondolewa kwa kuisugua plastiki yenyewe. Ioshe kwa sabuni na maji ya bomba. Maji ya kuchota ziwani huja na chembe za mchanga zitakazokuongezea mikwaruzo. Vinyweleo vya plastiki vilivyosimama kwenye mikwaruzo vikwangue kwa wembe. Kisha msasa wa maji (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi): namba 240 pale ukucha unapokwama, halafu 400, 600, 1000 na 2000. Penye mikwaruzo myepesi anzia 400. Msasa uzungushie kipande cha soli ya kandambili, maana ncha za vidole huchimba mabonde. Lowesha muda wote. Msasa mkavu huipasha plastiki moto, ikatoa nyuzi na kuuziba msasa.

Kila namba isugue kwa kukatisha mistari ya namba iliyotangulia, usiendelee mpaka mistari hiyo iishe. Wengi huharibu hapa: wanaruka kutoka 240 hadi 1000, na madigadi ikiwekwa juani kila mstari unaonekana. Malizia kwa kompaundi ya magari, ile dawa ya kung'arishia, na kitambaa laini. Mkwaruzo wenye kina kirefu usiumalize, utabaki na plastiki nyembamba itakayopasuka.

Mstari mweupe ni shida nyingine kabisa. Plastiki ilipojikunja ilifanya vitundu vidogo mno kwa ndani, na msasa haufiki huko. Tafuta bloa ya hewa ya moto. Ile ya kukaushia nywele haitoshi. Bandua stika, ishike bloa umbali wa sentimita 10 hivi na usiitulize mahali pamoja, kwa sababu polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi. Weupe ukififia, shikilia umbo la madigadi mpaka ipoe. Pale uliposugua pia pitisha joto hilo haraka haraka: mng'ao utarudi zaidi kuliko kwa kompaundi peke yake.