Maswali ya Wasomaji: Shirika Limehama Muungano, Kadi Yangu Je?

SWALI: Habari zenu hapo gazetini. Naishi Stockholm, nyumbani ni Moshi, na nikipata likizo lazima niende kuwaona wazazi. Nina kadi ya Gold ya EuroBonus, mpango wa pointi wa SAS, shirika la ndege la Sweden, Denmark na Norway, na nilizoea kupanda Ethiopian kupitia Addis mpaka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, pointi naingiziwa, launji naingia, begi la ziada napewa. Sasa SAS wametoka Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege yanayotambuana kadi na pointi. Pointi zangu zimepotea? Na ya kwenda nyumbani nifanyeje, nibaki na SAS au nihame?
Msomaji, Stockholm

JIBU: Dada yangu, pointi zako zipo palepale usiwe na presha. Pointi ni za EuroBonus, yaani ni za SAS wenyewe, sio za Star Alliance, kwahiyo SAS wakihama wanahama na daftari lao lote na jina lako limo. Kilichobadilika ni wapi unaweza kuzitumia na kadi yako inaheshimiwa na nani, na hapo ndo pa kukaa chini upige hesabu.

Kwanza ilikuaje, manake barua za hivi tumepata nyingi. SAS hawakua wanachama wa kawaida, ni moja ya mashirika matano yaliyoanzisha Star Alliance mwaka 1997 pamoja na Lufthansa, United, Air Canada na Thai. Korona ikapita ikawaacha na madeni, Julai 2022 wakaomba kinga ya mahakama kule Marekani ili wajipange upya, na waliokuja na hela za kuwaokoa ni kampuni ya uwekezaji ya Castlelake, serikali ya Denmark, Lind Invest na Air France-KLM waliochukua asilimia 19.9. Sasa Air France-KLM ndo nguzo ya SkyTeam, muungano mshindani wa Star, huku Ulaya, na huwezi kuweka hela yako kwenye shirika halafu liendelee kumpelekea abiria mshindani wako Lufthansa kule Frankfurt. Ndo maana tarehe 31 Agosti 2024 ikawa siku ya mwisho ya Star na kesho yake wakaamkia SkyTeam.

Na sio SAS tu. LATAM ya Amerika Kusini walitoka oneworld, muungano wa tatu, Mei 2020 baada ya Delta wa SkyTeam kununua asilimia 20, na ITA ya Italia wametoka SkyTeam mwaka 2025 baada ya Lufthansa kuchukua asilimia 41. Kwahiyo ukisikia shirika unalokusanyia pointi limepata mwenye hisa mpya, angalia huyo mwenye hisa yuko muungano gani, utajua mapema kabla hata hawajatangaza chochote.

Turudi kwenye njia zako. Hakuna ndege iliyofutwa kwasababu SAS wamehama muungano. Ethiopian bado inatua Stockholm na bado inakwenda KIA, tiketi unanunua kama zamani na kiti unapata, ila kadi yako ya Gold pale kaunta haina kazi tena na zile maili, yaani pointi za safari, haziingii EuroBonus. Ni hivohivo kwa Turkish, Lufthansa, Brussels na EgyptAir, zote ni za Star. Upande wa SkyTeam ndo umefunguliwa: KLM kupitia Amsterdam, Air France kupitia Paris na Kenya Airways kupitia Nairobi, na Gold yako kule inahesabika kama Elite Plus, ambayo ni daraja la juu la SkyTeam: launji kwenye safari za kimataifa, foleni fupi ya kucheki in, na begi moja zaidi au kilo 20 kutegemea tiketi.

Kwa mtu wa Moshi mimi naona hujaumia sana, na niseme wazi kwamba kuna kitu umepata, manake KLM wanatoka Amsterdam mpaka KIA bila kukushusha popote katikati. Aliyeumia kweli ni yule aliyezoea Brussels Airlines kwenda Bujumbura, huyo sasa akitaka kadi yake ifanye kazi itabidi azungukie Nairobi na Kenya Airways. Wa Kigali na wa Entebbe bado wana KLM, na wa Goma akishuka Kigali anavuka kwa barabara kama siku zote. Lakini hasara kubwa ya wote ni Addis. Ethiopian ndo wenye mtandao mkubwa kuliko wote Afrika, na mtu mwenye ndugu Lubumbashi, Lilongwe au Kilimanjaro alikua anatumia kadi ileile moja popote anapokwenda, akipitia mlango mmoja. Hiyo SkyTeam hawana ya kulinganisha, Nairobi inajitahidi ila bado haijafika pale.

Sasa ubaki au uhame? Chukua safari yako ijayo, tafuta bei ya Ethiopian na bei ya KLM kwa tarehe zilezile, halafu angalia kila tiketi inaruhusu mabegi mangapi kabla hujaweka kadi kwenye hesabu, kwasababu watu wengi wanalipa zaidi ili watumie Gold wapate begi ambalo tiketi ya shirika lingine ingewapa bila kadi yoyote. Kama tofauti ni ndogo baki na SAS. Kama Ethiopian ni nafuu kwa hela ya maana panda Ethiopian na roho safi, jiunge na ShebaMiles, mpango wao wa pointi ambao ni bure, uanze upya. Na kabla Gold yako haijaisha muda waandikie mashirika ya Star unayoyapanda uwaulize kama wanaweza kukupa daraja linalolingana na hilo, kuna wanaokubali hasa wakiona unatoka kwa mshindani, nao wanataka uthibitisho kwamba kadi bado iko hai, kwahiyo usingoje.

Pointi zilizopo zitumie, tafadhali. Hazihamishiki kwenda Ethiopian wala Turkish, na shirika linaweza kubadilisha bei ya tiketi za pointi siku yoyote. Mwishoni mwa 2024 SAS waliahidi pointi milioni moja kwa atakayepanda mashirika 15 ya SkyTeam ndani ya miezi michache, na watu walizunguka dunia kwa ajili hiyo. Pointi zikigawiwa kwa wingi namna hiyo wanaogombania viti vya bure wanaongezeka, wakati viti ni vilevile. Wewe mwenye za kutosha kumleta mama Ulaya au kwenda Krismasi nyumbani, kata tiketi mapema.

SWALI: Mimi niko Mombasa, nasafiri Ulaya kikazi. Nilisikia KQ, yaani Kenya Airways, na KLM waliachana, sasa KQ bado wako SkyTeam au walitoka? Na kama shirika litatoka baada ya mimi kununua tiketi, begi langu litafika?
Msafiri, Mombasa

JIBU: KQ bado ni SkyTeam, ni wanachama kamili tangu 2010. Kilichovunjika Septemba 2021 ni ule ubia wao na Air France-KLM, ambao ni kitu cha ndani zaidi, walikua wanapanga ratiba pamoja na kugawana mapato ya njia za kati ya Ulaya na Nairobi. Muungano ni kutambuana tu, kadi na launji na pointi. Mashirika yanaweza kuvunja ubia yakabaki muungano mmoja, na yanaweza kuwa miungano tofauti yakauziana viti vizuri tu.

Hilo la begi lisikutishe. Kinachofikisha begi mpaka mwisho ni tiketi moja na makubaliano ya mizigo baina ya mashirika, na makubaliano hayo mengi yapo nje ya muungano. Tiketi iliyokwisha kukatwa kwa kawaida inaheshimiwa kama ilivyo. Hatari iko kwa wale wanaonunua tiketi mbili mbalimbali ili wapate nafuu, hapo hata mashirika ya muungano mmoja yanaweza kukataa kutuma begi mpaka mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa wa ndege ya pili hawawajibiki kwako wala hawakujui. Tiketi moja, kaka, hata kama bei imezidi kidogo.

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi huku Muscat mambo ni kinyume, Oman Air imeingia oneworld. Mimi safari yangu kubwa ni Unguja kwa ndugu, mara moja moja London kwa mwanangu. Nafaidika nini? Na kuna hatari watoke tena?
Mama wa Kizanzibari, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam bibie, shikamoo. Oman Air waliingia tarehe 30 Juni 2025. Kwa safari ya Unguja tu hutoona tofauti, ndege ni ileile ya moja kwa moja na pointi za Sindbad, mpango wa Oman Air, ni zilezile. Faida yako iko London, ukipanda British Airways, au Qatar kupitia Doha, ambao nao ni wa oneworld, unaweka namba yako ya Sindbad na maili zinaingia hukohuko, na kama una daraja la juu launji na foleni unapata. Emirates na Etihad hawamo, wao hawana muungano wowote, kwahiyo usitegemee faida za oneworld kwao.

Kuhusu kutoka, vitisho vipo siku zote. Qatar wenyewe mwaka 2018 mkuu wao wa wakati ule, Akbar Al Baker, alisema hadharani kwamba huenda wakaondoka oneworld, na mpaka leo wamo. Kwahiyo vuna sasa. Mwanao akikukatia tiketi akiwa London mwambie ajaze namba ya Sindbad palepale anaponunua, na ukisahau weka vipande vya tiketi mpaka maili zionekane kwenye akaunti, bila hivyo vipande kudai ni kazi ngumu.