Muulize Fundi: Probox na tairi za gari ndogo

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Probox ya 2015, wiki nzima nabeba mchele na mafuta ya kula kupeleka madukani. Tairi zilizokuja nayo zimeandikwa 155/80R14 88/86N LT na zimeisha kabisa. Muuzaji kanipa 175/65R14 82T, anasema rimu ni ileile 14, tena hizi pana na bei poa, nikafunga mbili nyuma. Gari imekaa laini mpaka raha ila jamaa yangu ananitisha. Kuna shida gani? – Msomaji, Kahama

JIBU: Jamaa yako yuko sahihi bwana. Rimu kuingia siyo ishu, angalia ile namba baada ya saizi. 88 maana yake tairi moja inabeba kilo 560, na 82 ni kilo 475, sasa piga mara mbili maana nyuma zipo mbili, zamani ulikuwa na 1120 leo una 950, hapo umepoteza kilo 170 kwenye ekseli ileile inayobeba mchele wako, na uzito wa gari yenyewe bado umo humohumo. Hiyo 86 achana nayo, ni ya tairi zinazofungwa pacha nyuma kama kwenye Canter.

Na huo ulaini unaousifia ndio tatizo lenyewe. Tairi ya LT (yaani ya gari ndogo ya mizigo) ubavu wake mgumu, ya gari ndogo ya abiria ubavu laini, ukipakia unajikunja kila tairi inapozunguka, inapata moto, na kwa jua la mchana na lami ndefu ndo unasikia paa! Wengine wanajidai kuongeza upepo ili isibonyee, haisaidii, 82 itabaki 82 hata ujaze mpaka iwe ngumu kama jiwe, halafu kila tairi ina mwisho wake wa presha umeandikwa ubavuni. T isikudanganye pia, ni habari ya spidi tu (mwisho kilomita 190 kwa saa, hiyo N yako ni 140) na sidhani kama mchele una haraka hivyo.

Kingine, hizo mpya ni fupi karibu sentimita 2, kwahiyo nyuma gari imeshuka sentimita 1 kabla hata hujapakia.

Tafuta saizi yako ileile yenye LT na namba 88. Ukipata ya juu zaidi ya 88 kwa saizi hiyo funga tu, gari itakuwa ngumu kidogo, lakini usije ukaongeza gunia eti tairi ni kali, springi na breki ni zilezile. Presha fuata stika ya mlango wa dereva. Ukichukua za mtumba soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa, 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016, hiyo mrudishie mwenyewe.

Hizo 82 mbili jaribu kuzibadilisha hapohapo dukani kabla hazijachakaa, na kama muuzaji atagoma, kuna mwenye IST mtaani kwenu atazichukua zikiwa na saizi yake.